Undugu wa Mwezini: Sikukuu ya Trung Thu kwa Jicho la Kiswahili

Wahenga waliponena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, hawakutudokezea mgeni huyo atayatazama mambo ya mwenyeji wake kwa lugha gani. Suala hili ndilo linalonishughulisha katika makala haya. Nimeishi mjini Hanoi, Vietnam, kwa miaka kadhaa nikifundisha, na kila mwaka nimeshuhudia sikukuu ya Trung Thu ikiadhimishwa. Nimewasikia pia wageni wenzangu, Wakenya wakiwemo, wakiisimulia. Takriban wote huisimulia kwa maneno ya vitabu vya watalii vya Kiingereza, hata pale wanapozungumza Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana njia fupi zaidi ya kuifikia sikukuu hii, nayo ni lugha yake mwenyewe.

Trung Thu huangukia siku ya 15 ya mwezi wa 8 katika kalenda ya mwandamo wa Vietnam, mwezi unapokuwa mpevu. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 17 Septemba, na mwaka 2025 ikawa tarehe 6 Oktoba. Tofauti na kalenda ya Hijria, ambayo huzifanya Idi zizunguke majira yote ya mwaka, kalenda hii huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili isiachane na jua. Mwaka 2025, kwa mfano, mwezi wa 6 ulirudiwa, ndiyo maana sikukuu ikachelewa hadi Oktoba. Watoto hutembea na kandili, ngoma ya simba huchezwa mitaani, na familia hupanga sinia la matunda na keki uani au darini. Mwezi ukishapanda, watoto huruhusiwa kulivamia sinia hilo.

Mgeni wa kawaida huona nini? Huenda mtaa wa Hàng Mã, katika sehemu kongwe ya jiji, ambako maduka hujaa kandili, vinyago vya karatasi na vigoma vya watoto. Hupiga picha mia moja, kisha hurejea nyumbani akiamini amesherehekea. Si ajabu kuwa baadhi ya wachuuzi wa mtaa huo wamewahi kutundika vibao vya kuwakataza wasionunua kitu kupiga picha. Mwenye duka anataka kuuza, ilhali mgeni anataka mandhari. Waama, haitoshi kumlaumu mgeni huyo kwa utovu wa adabu. Maneno aliyokuja nayo yamemwambia kuwa hii ni sikukuu ya taa na keki, naye akaziona taa na keki.

Hebu sasa tuyasikilize maneno ya wenyeji. Kandili maarufu kuliko zote ni ile ya mianzi na karatasi angavu nyekundu yenye ncha tano, iitwayo đèn ông sao. Waandishi wa Kiingereza huieleza kuwa taa yenye umbo la nyota, nao hawajadanganya. Hata hivyo, neno ông maana yake ni babu. Mtoto wa Kivietnam anabeba taa ya Babu Nyota. Mwezi wenyewe huitwa ông trăng, Babu Mwezi. Mwanamke akaaye mwezini ni chị Hằng, yaani Dada Hằng, na mwanamume anayeketi huko chini ya mti ni chú Cuội. Neno chú humtaja ndugu mdogo wa baba. Kiingereza kina neno moja tu la kuwafumbata baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, lakini Kivietnam huwatenga kama tuwatengavyo sisi: bác, chú na cậu. Kwa hivyo chú Cuội si mwingine ila Baba Mdogo Cuội.

Jambo hili si pambo la lugha. Katika Kivietnam ni vigumu kuzungumza na mtu kabla ya kuamua ni nani wako, kwa kuwa mahali pa “mimi” na “wewe” aghalabu hushikwa na majina ya udugu. Mtoto wa jirani aliponiita chú na kujitaja kuwa cháu, yaani mwana wa ndugu au mjukuu, sikuhitaji kamusi kunifunulia uzito wake. Nimelelewa katika lugha ambayo mzee asiyenijua huniita mwanangu, nami nikamwamkia shikamoo. Mgeni aliyeambiwa kuwa neno hilo ni “bwana” tu hatajua kuwa usiku ule amepewa cheo katika ukoo, cheo ambacho Cuội wa mwezini anacho pia.

Hata kisa cha Cuội kinatufaa. Inasimuliwa kuwa alikuwa na mti wa dawa uwezao kuwafufua wafu, mti wa jamii moja na mugumo wetu. Alimwonya mkewe asiumwagie maji machafu. Mke akasahau, mti ukang’oka na kupaa, naye Cuội akaung’ang’ania mzizi hadi mwezini. Katika visa vingine Cuội ni mwongo stadi, hata Wavietnam humwambia mtu “unadanganya kama Cuội.” Aliyekulia kwenye hekaya za Abunuwasi na za Sungura hatashangaa kuwa watoto wanampenda.

Tuzitazame pia keki. Kuna bánh nướng iliyookwa, na bánh dẻo nyeupe ya unga wa mchele wa kunata. Ndani hutiwa pojo, mbegu za yungiyungi au kiini cha yai la bata kilichokolea chumvi. Wageni hulalamika kuwa ni nzito na tamu kupita kiasi. Hulalamika hivyo kwa sababu kila mmoja amekula nzima! Keki hizi hukatwa vipande vidogo, zikaliwa kwa chai chungu baina ya watu kadhaa. Aidha, kabla ya kuliwa huwa zimepelekwa kwa wazazi, wakwe na walimu. Kwa Kiswahili tungeziita hidaya, na neno hilo lingetosha kutuonya kuwa si kitafunio cha mtu mmoja.

Ushahidi mzito zaidi ulijitokeza mwaka 2024. Tarehe 7 Septemba, siku kumi kabla ya sikukuu, kimbunga Yagi kiliipiga Vietnam ya kaskazini. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yalifuata, na zaidi ya watu 300 wakafa au kutoweka. Sherehe nyingi za hadharani zilifutwa au kupunguzwa, na michango ikaelekezwa kwa walioathirika. Wageni waliokuja kwa ajili ya maonyesho walisema mwaka huo hapakuwa na Trung Thu. Mtaani kwetu tulifunga keki, madaftari na nguo za watoto kwenye maboksi ili yapelekwe mikoa ya milimani. Undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa kipimo hicho, sioni mwaka ambao sikukuu ilikuwa kamili zaidi.

Huenda msomaji akapinga kuwa Kiswahili nacho kinaweza kutupotosha. Ni kweli. Trung Thu hufasiriwa “katikati ya thu,” na majira hayo ya thu wafasiri wetu huyaita vuli. Kwa mkaazi wa Mombasa, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba; kule Hanoi, thu ni wakati joto na mvua vinapopungua. Jijini Ho Chi Minh hakuna hata majira hayo, kwani kuna masika na kiangazi tu, na bado watoto hubeba kandili. Tukiandika “Sikukuu ya Katikati ya Vuli,” tutamfanya msomaji atafute mwavuli. Wenyeji wenyewe wana jina la pili, Tết Trông Trăng, nami napendekeza tulifuate: Sikukuu ya Kutazama Mwezi. Uteuzi wa maneno hauepukiki, lakini tuyateue baada ya kumsikiliza mwenyeji.

Wala sidai kuwa kuitwa baba mdogo kunamfanya mgeni kuwa mwenyeji. Cheo hicho kina gharama: kujifunza lugha, kumnunulia mtoto kandili, kumpelekea bibi jirani hidaya yake kabla hujaonja yako. Wanafunzi wengi wa vyama vyetu vya Kiswahili watafanya kazi ughaibuni, na bila shaka wataandika juu ya waliyoyaona. Nawasihi wasikiazime Kiingereza macho pale ambapo lugha yao inaona mbali zaidi. Anayetaka kuanza na aanze na jambo dogo: aulize watoto wa huko wanamwita mwezi nani.