Chale Mpya ni Kidonda, Usiifiche Chini ya Sweta

Ukitembea mjini Thika siku ya Jumamosi, kutoka steji ya matatu hadi Makongeni, au ukishuka Ruiru na kuelekea Kihunguro, hutakosa kukutana na kijana aliyechorwa jina, ua au msalaba mkononi kwa wino usiofutika. Wenyewe huziita tatuu. Sisi wengine tumezoea kuziita chale. Wanaochorwa si wahuni, kama baadhi ya wazazi wanavyodhani. Ni wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa viwandani, makarani na hata akina mama wenye watoto.

Nia yangu leo si kuwahubiria. Ngozi ya mtu ni yake, na chale si jambo geni kwetu. Wamakonde, ambao mnamo Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia na mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, walichanja chale usoni tangu jadi. Wakikuyu wa zamani nao walitoboa masikio na kuyapanua. Lakini mambo hayo yalifanywa hadharani, na kila mtu nyumbani alijua kwamba fulani ana kidonda. Kijana wa leo huchorwa Jumamosi alasiri, na kabla jua halijatua amekwisha kuvaa sweta ili mama asione. Jumapili anakwenda nalo kanisani. Jumatatu anakwenda nalo kazini.

Hapo ndipo matata yanapoanza. Kwa maoni yangu, chale nyingi zinazooza hapa kwetu haziharibiwi na sindano peke yake. Huharibiwa na siri. Kidonda kinachofichwa hakioshwi, hakipati hewa, na mwenyewe haendi hospitali hata kinapoanza kunuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakuwa wanatania.

Hebu tuelewe kinachotendeka. Sindano ya mchoraji hupenya ngozi mara maelfu na kuacha wino ndani kiasi cha milimita moja au mbili. Mwili huuona wino huo kama adui. Chembe za kinga huja kuumeza, lakini haziwezi kuuyeyusha, basi hukaa nao pale pale. Mwaka wa 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba chembe hizo zinapokufa, nyingine huja na kuuokota wino ule ule. Ndiyo sababu mchoro haufutiki. Juu ya wino huo, hata hivyo, ngozi imechubuka. Huchukua wiki 2 hadi 4 kujifunga, na sehemu ya ndani huhitaji miezi kadhaa.

Kutunza kidonda hiki si kazi ngumu wala ya gharama. Nawa mikono kwanza. Ondoa kifuniko baada ya muda ulioelezwa na mchoraji, kisha osha chale taratibu kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Kama unatumia maji ya kisima au ya mitungi, yachemshe kwanza na kuyaacha yapoe. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Taulo ambalo nyumba nzima hujifutia halifai. Kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo tu, ngozi isikauke wala isilowe. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku chache kidonda kitaanza kuwasha na kutoa vigaga. Usivibandue. Kigaga kinachong'olewa kabla ya wakati hutoka na wino, na mahali pake huweza kubaki kovu.

Sasa nije kwenye mazoea yetu. Kuna wanaomwagia spiriti kila asubuhi wakiamini kwamba kinachochoma ndicho kinachoponya. Spiriti huua vijidudu, ni kweli, lakini huua pia ngozi changa inayojaribu kuota. Kuna wanaofungua kapsuli za rangi mbili kutoka kwa kemisti na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Hiyo si dawa ya kunyunyizwa, na unga ukigandamana na usaha huficha kinachoendelea chini yake. Wengine hupaka zile krimu za tyubu zinazotumiwa kung'arisha uso. Nyingi zina dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupunguza nguvu za kinga ya ngozi na kuchelewesha kupona. Ikiwa ni lazima uende kwa kemisti, mwambie una chale mpya. Usimwambie una "kiwasho".

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Vumbi la barabara za mitaani, moshi wa viwanda, bega la jirani katika matatu iliyojaa, yote haya hukutana na mkono wako kabla hujafika kazini. Kwa hiyo kufunika si kosa, bali funika kwa nguo pana ya pamba iliyofuliwa siku hiyo. Sweta zito na jinzi ya kubana huleta jasho na msuguano. Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya bahari, karibu na ikweta, na jua la hapa ni kali hata siku isiyo na joto, basi usiuanike mchoro. Kidimbwi cha kuogelea kisubiri mpaka ngozi ijifunge kabisa. Na wale mnaopanga kwenda Fourteen Falls wikendi, kumbukeni kwamba Mto Athi hubeba taka za Nairobi. Piga picha ukiwa ukingoni, inatosha.

Jambo ambalo karatasi nyingi za maagizo hazisemi ni hili. Huandikwa kwa ajili ya watu weupe, zikimwambia msomaji atazame uwekundu unaoenea. Katika ngozi nyeusi uwekundu huo mara nyingi hauonekani. Sisi tutumie mikono. Gusa kando ya chale kwa kisogo cha kiganja, kisha uguse mkono wa pili. Ikiwa siku ya nne joto linazidi badala ya kupungua, ikiwa ngozi imevimba na kung'aa, au imegeuka rangi ya zambarau au nyeusi zaidi kuliko kawaida, ikiwa kuna usaha, harufu mbaya, homa, au tezi zimevimba kwapani, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda Thika Level 5, au hospitali ya Ruiru, au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, siku hiyo hiyo.

Na ikiwa ulichorwa kwa sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine, hata kama huoni kidonda kibaya, muda wako ni mfupi zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Uliza pia kuhusu pepopunda na homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kuishi siku 7 nje ya mwili. Chanjo yake iliingizwa katika zile za watoto wachanga humu nchini mapema miaka ya 2000, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuwahi kuipata.

Kuna pia keloidi, kovu linalofura na kupita mipaka ya kidonda. Watu weusi tunaipata zaidi, hasa kifuani, mabegani na masikioni, na huweza kutokea miezi kadhaa baada ya chale kupona. Kama mama yako au ndugu yako anayo, fikiri mara mbili kabla ya kuchorwa. Ikikutokea, usikubali mtu aikate tu, kwani aghalabu hurudi ikiwa kubwa zaidi. Mwone daktari wa ngozi, ana sindano za kuituliza.

Wachoraji nao wampe kila mteja maagizo kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine anayoielewa, na wakubali kumwona tena baada ya wiki moja. Kwa wauguzi nina ombi moja. Kijana akija na mkono uliovimba, muosheni kidonda kwanza, na maswali ya nani alimruhusu mwachieni mama yake. Akikemewa dirishani mbele ya foleni, hatarudi kesho kubadilishiwa bandeji.