Kilo zangu si za kubandikwa ukutani

Ofisini kwetu hapa Dar es Salaam lilianzishwa shindano la kupunguza uzito: kila mmoja alichanga shilingi 20,000, mizani ikawekwa karibu na mashine ya fotokopi, na kila Ijumaa kilo zetu zikabandikwa ukutani. Dada mmoja alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Hakusema kitu. Alivua viatu, akavua na saa, akapanda huku ameinamisha macho. Mimi natumia dawa za kisukari. Kuruka mlo kungeweza kunishusha sukari. Ningemwelezaje bosi hayo mbele ya watu?

Kilo zinazopungua wiki ya kwanza nyingi huwa ni maji, kwa hiyo mshindi si lazima awe ndiye mwenye afya. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Viongozi wetu, kama kweli mnatujali, tupeni nusu saa ya kutembea kwa haraka kila siku ya kazi. Tukifanya hivyo tunatimiza dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima. Na asiyetaka kupimwa aachwe, wala asiulizwe sababu.