Ukifika Manga, Uliza ni Zamu ya Nani

Jumapili kama hii, huku wewe ukingoja chai na watoto wakigombania runinga, kijiji kimoja chini ya mwamba wa Manga kimeamka zamani na kimo shambani. Jana kilikuwa kimya, maana wengi wa wenyeji wake ni Wasabato. Leo ni kazi.

Nisemapo kijiji, usidhani ni nyumba zilizobanana kando ya njia. Huku Gusii kila boma limejitenga katika shamba lake. Barabara hupita juu mgongoni mwa kilima, nayo mashamba huteremka kama vitambaa hadi mtoni: juu nyumba na majani chai, katikati mahindi na migomba, chini nyasi za ng'ombe na mikaratusi. Kaburi la babu nalo li papo hapo, karibu na migomba.

Vitambaa hivyo vinazidi kuwa vyembamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 katika kila kilomita mraba ya Kaunti ya Kisii, na 675 kule Nyamira. Baba mwenye wana wanne humgawia kila mmoja mistari michache ya chai, na hapo ndipo ndugu huanza kupelekana kwa chifu.

Hata hivyo, huku mtu haachwi alime peke yake. Zamani majirani waliitana kwa kazi kubwa, na umoja wao ukaitwa risaga. Mwenye shamba alipika pombe ya wimbi, na jirani aliyeitwa hakutegea, hata kama hakuwa wa ukoo ule. Kikundi kidogo zaidi, cha kulimiana kwa zamu, kiliitwa egesangio. Pombe ilifukuzwa na makanisa. Kijijini kwetu siku hizi ni uji, chai na viazi vitamu. Lakini zamu ingalipo, hasa kwa akina mama.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Desemba moja nilifika nyumbani na kukuta zamu ni ya jirani yetu mjane. Nilikuwa nimechoshwa na matatu ya usiku, basi nikamtuma mtoto apeleke noti ya shilingi 500, nikarudi kulala. Jioni mama mdogo, ambaye ndiye mweka daftari wa kikundi, akanirudishia noti ile ikiwa imekunjwa vile vile nilivyoikunja.

"Mwanangu, hii italima?"

Kisha akafungua daftari. Boma letu lilikuwa limetiwa alama ya kutofika.

Sikujitetea. Miaka miwili kabla ya hapo, tulipomleta baba kutoka Nairobi katika jeneza, vijana wa kilima kile ndio waliochimba kaburi usiku, mvua ikinyesha. Akina mama wale wale ndio walioteka maji na kubeba kuni siku zote za matanga. Jeneza nililipia. Gari nililipia. Kaburi sikulipia, wala hakuna aliyenidai.

Basi nawe mwanafunzi, likizo ikifika utapelekwa huko kwa nyanya yako, utake usitake. Usishinde nyuma ya nyumba ukitafuta mahali simu inaposhika. Uliza leo ni zamu ya nani. Watakucheka unavyoshika jembe, maana humcheka kila atokaye Nairobi (mimi hunicheka hata leo), na utapewa mstari wa pembeni pamoja na mtoto wa miaka kumi, naye atakuacha nyuma. Saa ya uji utaketi chini na wenzako, na hapo ndipo utakaposikia habari za ukoo wenu ambazo baba yako hakuwahi kukusimulia.

Zamu iliyofuata nilikwenda. Kabla ya saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani. Mama mdogo alinitazama, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akatia alama mbele ya jina letu, akaniambia boma letu bado lina deni la siku moja.