Chupa Yenu Haijui Bei ya Maji Reuben

Wasee, hebu tuongee. Dadangu alinunua chupa ya mtoto, ile ya kuzuia gesi. Ndani ina kipaipu: hewa inapitia hapo badala ya kuchanganyika na maziwa, so mtoto hamezi hewa nyingi. Wazo poa, sibishi.

Sasa ifungue. Vipande vitano! Kipaipu kinataka kabrashi kake, halafu vyote vichemshwe. Hapa Mukuru kwa Reuben maji tunanunua kwa mtungi. Mama wa bebikea ana watoto kumi kwa chumba kimoja cha mabati. Hivyo vipande hamsini ataosha na maji gani? Maziwa yakigandia humo, umemtoa mtoto gesi ukampa kuhara. Na kuhara ndiko kunaua.

Niliacha chuo, lakini hii haitaki digrii. WHO na UNICEF wamesema miaka mingi kikombe ni salama kuliko chupa, kwa sababu unakiosha hadi ndani. Si mbuni basi kikombe cha mtoto kisichomwagika, kipande kimoja, bei ya Reuben?

Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017, inataka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Dadangu ni kibarua Industrial Area. Akiuliza hicho chumba, kesho hapati kazi. Kwa hivyo anakamua usiku, asubuhi anaacha maziwa na kikombe.

Mtoto ana miezi miwili. Jioni bado analia, tunambeba begani hadi acheue. Chupa iko juu ya kabati, kavu.