Pointi Moja Iliyokosekana

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaongoja wakubwa walimalize jarida ndipo mlisome, leo tuzungumze juu ya C ya pointi 45.

Aliyepata C hiyo katika mtihani wa KCSE amekosa mlango wa chuo kikuu kwa pointi moja tu. C+ huanzia pointi 46 kati ya 84. Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vya Kibera, na kule Kawangware pia, wapo vijana waliokaa na cheti kama hicho mwaka wa pili, wa tatu. Mchana wako mjengoni au wanafua nguo za watu Lavington. Usiku wanafungua vitabu vya kidato cha tatu. Kurudi shuleni hawawezi, maana karo itatoka wapi? Basi hujisajili kama watahiniwa wa kibinafsi na kujisomea.

Si jambo geni hapa Nairobi. Marehemu Tom Mboya, akiwa kijana mkaguzi wa afya wa jiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisoma kwa njia ya posta na chuo cha Afrika Kusini huku akiendelea na kazi yake. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford. Kwa hivyo anayemcheka kijana mwenye kazi na daftari mkononi hajui mji huu ulivyojengwa.

Lakini kabla ya kununua hata kalamu, mtahiniwa na akae chini apige hesabu. Tuchukue mfano wa binti aliyefanya mtihani mwaka 2022. Hisabati alipata D, pointi 3. Kiswahili B, 9. Kiingereza C, 6. Baiolojia C, 6. Kemia D+, 4. Historia B, 9. Dini B-, 8. Jumla 45. Alikuwa pia na C ya Jiografia, lakini haikumfaa, kwa sababu wakati huo lugha zote mbili na sayansi mbili zilikuwa lazima zihesabiwe.

Tangu mtihani wa 2023 utaratibu ulibadilishwa. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Gredi zile zile za binti yetu, Kemia ikiondoka na Jiografia ikiingia, zinafika 47. Hiyo ni C+, bila kuongeza jasho! Cheti cha zamani hakibadiliki, ni kweli, lakini mwenye kurudia anajua sasa aelekeze nguvu zake wapi. Kung'ang'ana na somo lililomtesa miaka minne, na ambalo kozi anayoitaka hailihitaji, ni kupoteza mafuta ya taa.

Hisabati, hata hivyo, haikwepeki. Ndiyo ninayoiona rahisi zaidi kupandisha kwa mtu anayesoma peke yake, ingawa najua wengi watanibishia. Karatasi zote mbili zina umbo lile lile mwaka nenda mwaka rudi: sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima, alama 50, ya pili maswali manane, unachagua matano, alama 50 nyingine. Saa mbili na nusu. Mtu akifanya karatasi za miaka iliyopita mbele ya saa, kisha ajisahihishe bila kujihurumia, ataona mwenyewe pale anapoangukia. Baraza la Mitihani pia huuza ripoti zinazoeleza makosa ya watahiniwa, swali kwa swali. Marafiki wanne wakichanga, ripoti moja inawatosha.

Kwenye fasihi kuna mtego. Vitabu teule hubadilishwa. Aliyesoma Chozi la Heri na Kigogo akirudi leo atavikuta Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, na hakuna kumbukumbu itakayomwokoa. Sayansi nazo zina karatasi ya maabara. Kemia haifanyiki kwa kukariri chumbani, kwa hivyo ni vizuri kuulizia mapema kama kituo cha mtihani kitamruhusu mtahiniwa kugusa vyombo kabla ya siku yenyewe.

Na mahali pa kusomea? Chumba cha futi kumi kwa kumi, watoto watatu, redio ya jirani inayosikika kupitia mabati: hapo hata profesa angeshindwa. Maktaba ya taifa ina tawi Kibera, na makanisa kadhaa huacha madarasa yao wazi jioni. Wengine hulala saa mbili usiku na kuamka saa tisa, kijiji kikiwa kimya. Mzazi anayeweza kumpunguzia mwanawe zamu ya kuchota maji katika miezi hiyo amemsaidia kuliko anayemnunulia vitabu vitano.

Wauzaji wa karatasi za wizi msiwakaribie. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa katika KCSE ya 2015, na pesa walizolipa hazikurudi.

Mwenye C- au zaidi asisahau kwamba diploma iko wazi kwake, na kutoka diploma watu hupanda hadi digrii. Kwa wengine njia hiyo ni fupi kuliko kurudia.

Atakayerudia afanye masomo yasiyopungua saba, la sivyo hatapewa gredi ya jumla. Ada ya mtihani atalipa mwenyewe, na usajili hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka, si Agosti. Tena siku zinahesabika: kundi la mwisho la 8-4-4, lile lililofanya KCPE mwaka 2023, zamu yake ya KCSE ni 2027.