Kerala: Mafukara Walipoandikwa kwa Majina

  

Tarehe 1 Novemba 2025, katika mji wa Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo la Kerala lililoko kusini magharibi mwa India, Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan alitangaza kwamba jimbo hilo limeondokana na umaskini uliokithiri, na kwamba ni la kwanza nchini India kufikia hatua hiyo. Siku yenyewe haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo siku ambayo Kerala huadhimisha kuzaliwa kwake kama jimbo mnamo mwaka 1956. Kabla ya sherehe ya hadhara, Waziri Kiongozi alilieleza Bunge la jimbo habari hiyo katika kikao maalumu. Wapinzani walitoka nje, wakisema kuwa tangazo hilo ni ulaghai mtupu.

Hapo ndipo penye swali tunalotaka kulitazama leo. Je, umaskini hufutwa kwa tangazo? Na kama haufutwi kwa tangazo, je, hakuna lolote la maana lililofanywa na watu wa Kerala katika miaka hiyo minne ya kazi?

Huenda msomaji akauliza tuna nini na jimbo la mbali kama hilo. Tunamjibu kuwa si la mbali kama anavyodhani. Kerala ndiyo nchi ya Malabari tunayoisikia katika vitabu vya wazee wetu. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa karne ya 14, alifika Mombasa na Kilwa, na baadaye akafika Kozhikode, mji ambao wageni waliuita Calicut. Vasco da Gama naye aling'oa nanga Malindi mwaka 1498, akiwa na rubani aliyepatikana huko, na bandari aliyoielekea ilikuwa hiyo hiyo ya Kozhikode. Tena mwanafunzi yeyote wa fiq-hi ya Imamu Shafii katika pwani yetu analijua jina la Fat-hul Muin. Mwandishi wake, Sheikh Zainuddin al-Malibari wa karne ya 16, alikuwa mtu wa Ponnani, mji ulioko katika Kerala ya leo. Kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndivyo Waislamu wa Malabari walivyoandika Kimalayalamu, lugha yao, kwa herufi hizo hizo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011, Waislamu ni zaidi ya robo ya wakazi wa jimbo hilo, ambao wakati huo walikuwa wapatao milioni 33.

Tukirejea kwenye kiini cha mazungumzo yetu, yafaa ieleweke kwamba kazi hii haikuanza jana. Tarehe 18 Aprili 1991, katika mji wa Kozhikode, Kerala ilitangazwa kuwa jimbo lililofuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Aliyelisoma tangazo hilo hakuwa waziri wala profesa. Alikuwa Chelakkodan Ayisha, mama wa Kiislamu kutoka wilaya ya Malappuram, ambaye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani katika kampeni hiyo. Mwaka 1996 serikali ya jimbo ikaamua kuzikabidhi halmashauri za vijiji na miji zaidi ya theluthi moja ya fedha za mpango wa maendeleo, na wananchi wakaitwa katika mikutano kupanga matumizi yake. Mwaka 1998 ukaanzishwa mtandao wa vikundi vya akina mama uitwao Kudumbashree, yaani neema ya familia. Vikundi hivyo vya ujirani huweka akiba, hukopeshana na kufanya biashara ndogo ndogo, na leo vina wanachama zaidi ya milioni nne.

Kwa hiyo, serikali ilipoamua katika kikao cha kwanza cha baraza lake la mawaziri mwezi Mei 2021 kuwatafuta watu walio katika dhiki kubwa kupita wote, ilikuwa tayari na macho na masikio katika kila mtaa. Wakati huo ripoti ya taifa ya umaskini iliyotolewa mwaka 2021 iliiweka Kerala mahali pazuri kuliko majimbo yote, ikiwa na maskini wasiofikia asilimia 1. Serikali nyingine ingetosheka na sifa hiyo. Lakini asilimia hailali njaa. Anayelala njaa ni mtu, mwenye jina lake na mlango wake, na aghalabu mtu huyo ndiye ambaye misaada yote imempita kwa sababu hana kitambulisho, hana kadi ya chakula cha bei nafuu, na hana wa kumsemea.

Basi wakaulizwa watu wa mitaani. Wajumbe wa halmashauri, akina mama wa Kudumbashree na watumishi wa ngazi ya chini wakataja nyumba, na waliotajwa wakakaguliwa kwa mambo manne: chakula, afya, kipato na makazi. Mwisho wa uchunguzi yalipatikana majina ya familia 64,006, zenye watu 103,099. Sehemu kubwa ya familia hizo ilikuwa ni mtu mmoja tu, yaani mzee aliyebaki peke yake, mgonjwa asiye na ndugu, au mjane aliyesahauliwa.

Jambo lililofuata ndilo tunaloliona kuwa funzo kubwa. Hawakugawiwa wote kitu kimoja, bali kila familia iliandikiwa mpango wake. Familia 20,648 zilihitaji chakula kwanza. Kati ya hizo, 18,438 zilipewa vifurushi vya vyakula na 2,210, ambazo hata kupika zisingeweza, ziliandaliwa chakula kilichokwisha kupikwa. Watu zaidi ya 21,000 walitafutiwa hati na vitambulisho walivyovikosa. Wagonjwa wakapatiwa dawa na uangalizi. Wasio na nyumba wakajengewa, na wasio na ardhi wala nyumba wakatafutiwa vyote viwili. Serikali ilisema kazi yote iligharimu zaidi ya rupia bilioni 10.

Mwenye kusoma fiq-hi hatashangazwa na utaratibu huo. Qur'ani Tukufu, katika Surat Tawba, aya ya 60, inapotaja makundi manane yanayostahiki zaka, inaanza na mafukara na maskini, na inawataja mbali mbali. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, akiwemo huyo Sheikh wa Ponnani, wamefafanua kwamba fakiri ni yule asiye na mali wala kazi ya kumkidhia sehemu ya maana ya haja zake, na maskini ni yule aliye na kitu lakini hakimtoshi. Kutofautisha huku si mchezo wa maneno. Asiyejua tofauti ya wahitaji hawezi kujua dawa ya kila mmoja. Kadhalika, historia yetu inamkumbuka Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) kwa kuanzisha diwani, daftari ambamo watu waliandikwa majina na kupewa haki zao kutoka hazina ya umma. Mtu akishaandikwa jina, haki yake inakuwa deni juu ya mtawala.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tusikilize upande wa pili. Wachumi na wasomi wa Kerala kwenyewe waliitaka serikali ieleze hesabu yake. Walihoji: ikiwa katika jimbo hilo zipo familia karibu 590,000 zenye kadi ya chakula wanayopewa walio maskini kuliko maskini wote, imekuwaje waliokithiri wawe 64,006 tu? Wengine walikumbusha hali ya Adivasi, yaani wenyeji wa asili wa milimani na misituni, ambao ni wachache kwa idadi lakini wamebeba sehemu kubwa ya unyonge wa jimbo. Serikali ilijibu kuwa orodha hizo mbili si kitu kimoja, na kwamba hawa 64,006 ni wale waliokuwa wameanguka nje ya mipango yote.

Jibu hilo lina mantiki, na mwenye kujua tofauti ya fakiri na maskini atalielewa. Lakini mantiki hiyo hiyo inamfunga aliyeisema. Kama waliosaidiwa ni mafukara waliokuwa nje ya kila msaada, basi maskini bado wapo, tena ni wengi, na tangazo halikuwahusu. Sherehe ya uwanjani, yenye mabango na mcheza filamu mashuhuri, haiwezi kuyabeba maelezo marefu ya namna hiyo. Wananchi husikia neno moja tu, kwamba umaskini umekwisha. Anayebaki na njaa baada ya neno hilo huonekana mwongo.

Lipo pia jambo lililotokea siku hiyo hiyo katika mji huo huo. Tangu tarehe 10 Februari 2025, baadhi ya akina mama wahudumu wa afya ya jamii, wale wapitao nyumba kwa nyumba kuwaangalia wajawazito, watoto na wagonjwa, walikuwa wamepiga kambi mbele ya ofisi kuu za serikali usiku na mchana. Posho yao ya mwezi kutoka serikali ya jimbo ilikuwa rupia 7,000, nao walidai rupia 21,000. Mwishoni mwa Oktoba serikali ikaongeza rupia 1,000. Siku ya tangazo, baada ya siku zaidi ya 260, wakaivunja kambi hiyo wakiahidi kuendelea na madai yao kwa njia nyingine. Ni vigumu kuisifu nyumba kwa kuwalisha majirani ilhali anayekibeba chakula mlangoni analalamika kuwa ujira wake haumtoshi.

Wapiga kura nao walisema yao. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2025, muungano uliotawala jimbo ulipata pigo, na muungano wa upinzani ukaongoza katika sehemu nyingi. Hatusemi kwamba kura hizo zilihusu tangazo peke yake, kwani uchaguzi una mengi. Tunachosema ni kwamba wema uliotangazwa kwa ngoma haukununua shukrani.

Je, basi tuitupe kazi yote kwa sababu ya kelele za mwisho wake? La, hasha. Kwa maoni yetu, fahari ya Kerala si tangazo la Novemba, ni daftari lililotangulia. Na ushahidi bora wa daftari hilo ni sehemu yake iliyo chungu. Katika familia zile 64,006, serikali yenyewe ilieleza kuwa 4,421, zote za mtu mmoja mmoja, ziliondolewa kwa sababu mwenyewe alikwisha kufariki. Nyingine 261, za watu wa kuhamahama, hazikuonekana tena. Majina 47 yalikuwa yameandikwa mara mbili. Zikabaki 59,277.

Tutafakari idadi hiyo ya kwanza. Watu 4,421 walijulikana kwa majina kuwa ni wahitaji mno, na wakafa kabla hesabu haijafungwa. Wapo ambao msaada uliwakuta hai ukawapunguzia machungu, na huenda wapo ambao haukuwakuta. Hiyo ndiyo maana ya kuchelewa katika jambo la fakiri. Lakini pia tuulize ni serikali ngapi duniani zinazoweza kusema idadi ya mafukara wao waliokufa wakingoja. Pasipo daftari, wangekufa wale wale na hakuna ambaye angeulizwa. Waliolipinga tangazo hilo waliweza kubishana na serikali kwa tarakimu kwa sababu serikali hiyo ilikubali kuziandika.

Kosa ambalo jimbo hilo linaweza kulifanya sasa ni kulifunga daftari. Umaskini si ugonjwa wa ndui ambao ukishafutwa haurudi. Hurudi kwa maradhi ya mwezi mmoja, kwa kifo cha mlezi, kwa mwana aliyeachishwa kazi Ghuba, ambako Wamalayali wengi hutafuta riziki na kuyalisha majumba ya nyumbani. Hurudi kwa maji na udongo pia, kama yalivyokuwa mafuriko ya mwaka 2018 na maporomoko ya Wayanad ya Julai 2024 yaliyoua mamia ya watu. Aliyekuwa na nyumba jioni, asubuhi hana. Jina lake litaandikwa wapi kama ukurasa umekwisha kufungwa kwa sherehe?

Nasi tunaokisoma kitabu cha Sheikh wa Ponnani katika madarasa yetu tuna la kujiuliza. Kila Ramadhani tunatoa zaka na sadaka, na kila Idi tunahesabu mifuko ya mchele iliyogawiwa. Je, tunahesabu milango? Je, katika msikiti wetu lipo daftari la mzee anayeishi peke yake, la mjane asiye na kitambulisho, la mgonjwa asiyeweza hata kupika kile tulichompa? Akina mama wa Kudumbashree hawakuanza na fedha nyingi. Walianza kwa kujua ni nani anaishi katika nyumba ya tatu kutoka kwao.