Chakula Tisa, Huduma Nne

Kuna watu wanaamini chakula kikiwa kitamu, mengine yote yanasameheka. Mume wangu hayumo. Huyu bwana ukimpa pilau la nguvu halafu ukamtupia sahani mezani, hali. Mimi niko katikati, ila mwezi huu nimelazimika kuchagua upande.

Tulikuwa Istanbul. Ndiyo, jiji lilelile ambalo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hulifuata kwa ajili ya nguo. Sisi hatukwenda kufunga mzigo. Tulikuwa tunatimiza miaka saba ya ndoa, na bajeti iliruhusu usiku mmoja tu wa kula mahali pa maana. Kebabu tulishakula za kutosha, kwa hiyo nikachagua mgahawa wa Kisefardi. Jina lake naliweka kapuni, na ukifika kwenye habari za mhudumu utaelewa kwa nini.

Wasefardi ni Wayahudi ambao asili yao ni Hispania. Kwa Kiebrania nchi hiyo huitwa Sefarad. Mwaka 1492 mfalme Ferdinand na malkia Isabella waliwapa amri: batizweni au ondokeni. Wengi waliondoka, na Sultani Bayezid II akawapokea katika himaya yake. Walikuja na lugha yao, Kiladino, ambayo ni Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania, Kituruki na lugha nyingine. Pia walikuja na mapishi yao. Lugha leo inazungumzwa zaidi na wazee, lakini vyungu bado viko jikoni.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Tulianza na mayai, yanaitwa huevos haminados. Usicheke, si mayai ya kuchemsha ya stendi. Hupikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi pamoja na maganda ya vitunguu, mpaka ganda la yai linakuwa na rangi ya udongo na ndani kunageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Asili yake ni Sabato: kwa kuwa siku hiyo moto hauwashwi, chungu hutegwa Ijumaa kabla jua halijazama na kuachwa kijipikie taratibu hadi kesho yake. Ladha yake ni nzito kidogo, kama yai lililopitiwa na moshi.

Akafuata samaki wa agristada, yaani samaki katika mchuzi wa mayai na limau. Ukiuona utadhani una nazi. Ukiuonja, ukali wa limau unakupiga kwanza, halafu ulaini unakuja nyuma yake. Mume wangu, mtoto wa Tanga, hasifu samaki wa watu ovyo. Usiku ule alinyamaza akila, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Kisha vikaja vibanzi vya duara vya liki, ile jamii ya kitunguu yenye majani marefu. Liki huchemshwa, hukamuliwa maji mpaka tone la mwisho, huchanganywa na nyama ya kusaga na yai, halafu hukaangwa. Nje vinakauka, ndani vinabaki laini. Tuliishia kugombea cha mwisho. Tukafunga na tishpishti, keki ya jozi iliyolowekwa katika shira, isiyo na siagi wala maziwa. Chakula nakipa tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeibakiza kwa sababu shira ilizidi.

Haya, huduma. Tuliweka nafasi ya saa mbili usiku. Sahani ya kwanza ilifika saa tatu kasorobo, na katikati hapo hakuna aliyekuja kusema lolote, hata lile "kinakuja, dada" letu la Dar. Hilo tungelimeza. Kilichotuchoma ni samaki. Mume wangu alikuwa bado ana vipande viwili, mhudumu akaja, akanyanyua sahani, uma na kisu, akaondoka. Hakuuliza, hakuomba samahani.

"Mama, huyu kijana ana ugomvi na mimi?" akaniuliza.

Nami mwishoni nikaomba maziwa kidogo ya kutia kwenye chai. Mhudumu akasema "hakuna" na kugeuka. Mwenzangu akaweka kitambaa mezani, akataka bili.

Bahati nzuri, aliyeileta bili ni mama mmoja wa makamo kutoka jikoni, na aliziona sura zetu. Akavuta kiti. Kwa Kiingereza cha taratibu akatueleza kwamba jiko lao linafuata sheria za dini: nyama na maziwa havikutani, ndiyo maana chai yangu ilibaki kavu na keki haikuwa na siagi. Samaki na nyama navyo haviliwi pamoja. Sahani hubadilishwa kabla ya nyama kufika mezani. Akaongeza kwamba kijana alipaswa kusubiri amalize. Akamwomba mume wangu radhi, akamwita "ndugu yangu".

Dakika tatu tu. Mwenzangu akalainika, akaanza kumsimulia kwamba hata kwetu nguruwe haingii ndani na mnyama huchinjwa kwa utaratibu wake. Wakaelewana kuliko mimi na yeye asubuhi ile!

Lakini ubishi haukuishia hapo. Ikaja hoja ya bakshishi, neno ambalo hata Waturuki wanalo. Yeye akasema haachi hata senti, kwani mama wa jikoni si aliyetuhudumia. Mimi nikasema aliyepika ametutendea haki, na aliyeondoa sahani alikuwa anafuata sheria ya nyumba. Alichokosa ni mdomo. Tukaafikiana nusu ya tulichokusudia. Huduma naipa nne, na tatu kati ya hizo ni za yule mama.

Je, ningerudi? Ndiyo, kwa ajili ya liki na agristada. Chakula kile kimevuka bahari na miaka mia tano. Sikiachi kwa sababu ya kijana asiyependa kuongea. Mume wangu anasema angerudi iwapo tu yule mama yuko zamu. Na namwelewa: mgeni akinyang'anywa sahani bila neno, anachokumbuka ni fedheha, utamu baadaye.

Ukipata safari, wewe na mwenzio, zingatieni haya. Wekeni nafasi mapema, na msipange Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana, kwani ni Sabato. Msitafute kamba wala pweza. Viumbe wa majini wasio na mapezi na magamba hawaingii jiko hilo. Na ulizeni maswali kabla ya kuagiza, si baada ya kununa.

Halafu usiku, mkirudi chumbani, jiulizeni na ninyi: ni mara ngapi nyumbani mmoja anamwambia mwenzie "hakuna" na kugeuka, wakati sababu yake ni nzuri kabisa na ingechukua dakika tatu kuielezea?

Tukutane mwezi ujao, mezani.